Bushi Iliyonyamazishwa: Funzo kwa Dereva, Fundi na Tajiri wa Gari

Kulikuwa na dereva kijana, mwenyeji wa Kasoli, aliyekabidhiwa mchomoko na tajiri wake abebe abiria kwenda na kurudi Bariadi mjini. Hakuwa mlevi, hakuwa mkimbizaji, na hesabu ya tajiri ilifika kila jioni bila kusukumana. Nimelitanguliza hilo ili msomaji asidhani kisa hiki kinamhusu mzembe. Kinamhusu mtu wa bidii aliyesikia gari likigonga, akahangaika kuinyamazisha sauti na asihangaike kujua inakotoka. Sikumpa jina, maana wa aina yake wako wengi kuanzia Lamadi hadi Maswa, na kila mmoja wao anaweza kujiona humu.

Gari lenyewe lilikuwa Probox, linalopendwa kanda ya ziwa kwa sababu halichagui mzigo. Na mzigo haukukosekana. Mkoa wa Simiyu, iliko Bariadi, ni nchi ya pamba. Msimu wa kuuza ukifunguliwa, pesa huingia vijijini na watu hufunga safari kwenda mjini kununua mabati, kutafuta dawa, kuona ndugu. Siti ya watu watatu hukaa wanne, na nyuma kwenye buti kuna mtu juu ya gunia. Chini yao barabara imelala kwenye udongo mweusi wa mbugani, ambao masika huvimba na kunata, na kiangazi hukauka ukapasuka nyufa. Barabara iliyo juu ya udongo wa namna hiyo haitulii. Huinuka hapa, hudidimia pale, na changarawe yake hujipanga mistari inayotetemesha gari mwendo mrefu. Kila pigo la barabara hiyo hupokelewa kwanza na tairi, kisha na kifaa kidogo ambacho dereva wetu hakuwahi kukitazama.

Kifaa hicho ni bushi. Mguu wa mbele wa gari kama hilo hufuata mtindo wa MacPherson, uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na kuonekana kwenye magari ya Ford ya Uingereza mwaka 1950. Juu kuna shokapu na springi. Chini kuna mkono wa chuma ambao mafundi wetu huuita wishboni. Upande wa nje mkono huo hushikwa na boljointi. Upande wa ndani hufungwa kwenye fremu kwa bushi mbili, ya mbele ndogo na ya nyuma kubwa. Bushi ni bomba la chuma ndani ya bomba la chuma, na katikati yao mpira mzito ulioshikamana na vyuma vyote viwili. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani hubanwa kwenye fremu lisizunguke hata kidogo. Gurudumu likipanda na kushuka, mpira ndio unaofanya kazi: hujisokota kidogo kwenda juu, hujisokota kidogo kwenda chini, kisha hurudi mahali pake. Msomaji alishike jambo hilo la mpira kujisokota, maana ndilo litakalokitegua kisa chote.

Kwa dereva wetu dalili zilianza kidogo kidogo. Akikanyaga breki karibu na shimo, "ko!" Akiachia klachi kuondoka kituoni, "ko!" tena, mara moja tu, kama mtu aliyegonga mlango akaacha. Kwenye lami usukani ukawa unatangatanga, akalazimika kuurekebisha kila mara ili gari lishike njia. Akifunga breki kwa nguvu, gari lilivuta kushoto.

"Mwanangu, gari lako linagonga," mama mmoja aliyezoea kupanda naye alimwambia.

"Ni barabara hiyo, mama," akajibu, akaongeza sauti ya redio.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipozaliwa. Barabara ilikuwa mbovu kweli, lakini ubovu wa barabara hauwezi kuwa jibu la sauti ambayo jana haikuwapo. Barabara ile ile aliipita mwezi uliotangulia gari likiwa kimya. Kilichobadilika kilikuwa ndani ya gari.

Kelele zilipozidi hata redio haikuzimeza, akaenda kijiweni kwa fundi wa karibu. Fundi yule hakulala chini ya gari wala hakuomba aendeshwe alisikie. Alibonyeza boneti mara mbili akatamka: "Shokapu hizi zimekufa." Zikanunuliwa shokapu za mtumba, zikafungwa jioni ile ile. Kesho yake, breki ya kwanza kwenye shimo la kwanza: "ko!"

Akarudi. Safari hii fundi akasema ni stabilaiza linki, zikabadilishwa. Sauti ikabaki. Dereva alikuwa ametoa pesa mara mbili kwa vifaa ambavyo pengine havikuwa na kosa lolote, na mwenye kosa amekaa mahali pake akiendelea kuliwa. Kubahatisha kuna ubaya huo: humaliza pesa ya tiba kabla ugonjwa haujajulikana, na siku ugonjwa unapojulikana, mgonjwa hana kitu mfukoni.

Mara ya tatu fundi alichungulia chini, akauona mpira wa bushi ya nyuma umechanika. Sasa ukweli ulikuwa mbele ya macho yao. Lakini bushi mpya zilitaka gari lilale siku nzima, na siku nzima bila abiria ni siku bila hesabu. Dereva akaogopa kumwambia tajiri. "Nisaidie hata nimalize msimu, fundi," aliomba. Fundi akakata vipande vya mpira wa tairi kuukuu, akavisukumia kwenye mwanya, akaufunga waya, halafu akamimina oili chafu juu yake "ili ilainike." Gari likanyamaza. Dereva akamshukuru sana.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Vile vipande vya tairi havikuwa vimeshikamana na chuma chochote. Vilijaza nafasi tu, na mkono wa gurudumu uliendelea kwenda mbele na nyuma kila breki ilipokanyagwa. Oili nayo ni adui wa mpira wa bushi: huuvimbisha, huulainisha, na mwisho huumega. Mpira mzima uliosalia ukaanza kuoza haraka kuliko mwanzo. Zaidi ya hayo, sauti ilikuwa ndiyo onyo pekee alilokuwa nalo dereva, na sasa amelipa pesa ili onyo hilo lizimwe.

Wishboni ikisogea isivyotakiwa, gurudumu hupoteza pembe yake. Halisimami tena wima wala halitazami mbele sawasawa. Hujilaza na kujipinda kidogo, tairi ikawa inaburuzwa huku inazunguka. Tairi ya kushoto ya Probox ile ilianza kuliwa upande wa ndani, ule unaotazama injini. Kila asubuhi dereva alipita na kitambaa akifuta vumbi, akiitazama tairi kwa nje, na kwa nje kashata zilikuwa bado nene. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vya kuonyesha uchakavu, vyenye kimo cha milimita 1.6; kashata ikishuka ikalingana navyo, tairi imekwisha. Upande wa nje havikuwa vimefikiwa. Upande wa ndani vilikwishapitwa zamani, na nyuzi za waya zilikuwa zimeanza kuonekana. Angelikata usukani hadi mwisho akachutama mbele ya gurudumu, angeliona yote kwa dakika moja.

Siku moja alikodiwa na familia iliyokuwa ikienda Lamadi kupanda basi la Musoma. Lami ya Bariadi hadi Lamadi ni nzuri, na lami nzuri humshawishi dereva kuongeza mwendo. Wakikaribia Dutwa, tairi ya kushoto ilipasuka. Gari lililokuwa limezoea kuvuta kushoto likavuta kwa nguvu zake zote, likatoka barabarani, likaruka mtaro na kusimama katikati ya shamba. Mungu aliwanusuru: hakufa mtu. Lakini binti wa familia ile alivunjika mkono, na gari likapinda rimu na wishboni. Dereva aliyekuwa akiona siku moja ya gereji ni hasara, akakaa wiki bila kazi, huku akienda hospitali kumwona mtoto wa watu.

Wengi wangekimaliza kisa hapa na kusema: tazama, alikosea, akapata alichostahili. Mimi naona nusu ya pili ndiyo yenye funzo kubwa zaidi, kwa sababu humo dereva alikwishaukubali ukweli na bado akaumia.

Tajiri alikuja mwenyewe. Alinunua wishboni moja, tairi mbili na bushi mpya za pande zote mbili, vitu vizuri kutoka duka linaloaminika Mwanza. Kazi akapewa kijana fundi mwenye haraka. Aliinua gari kwa jeki, akafungua magurudumu, akatoa wishboni, akagonga bushi za zamani kwa nyundo zikatoka, akaingiza mpya, akarudisha mikono mahali pake na kukaza kila bolti hadi mishipa ya shingo ikamtoka, magurudumu yakiwa bado yananing'inia hewani. Kisha akashusha gari, akakabidhi ufunguo. Alaimenti? "Gari halivuti, mzee, ya nini kupoteza pesa?"

Gari lilikwenda vizuri, kimya, usukani umetulia. Hata msimu haujaisha, ile "ko!" ikarudi.

Tajiri akawaka. "Ni spea feki hizi!" Akataka kwenda kugombana na mwenye duka. Kwa bahati mtu mmoja alimshauri alipeleke gari kwanza kwa fundi mzee pale Bariadi, anayejulikana kwa kutokuwa na haraka.

Walimkuta alasiri. "Mwadila, baba," dereva alisalimia. "Mwadila," mzee akaitika, akafuta mikono na kuwauliza kabla hajaligusa gari: "Linagonga lini? Likiwa linapita tuta, au ukishika breki? Mguu mmoja ukiingia shimoni, au yote miwili kwa pamoja?"

Tajiri alishangaa kuulizwa maswali kama yuko kwa daktari. Lakini maswali yale yalikuwa nusu ya kazi. Mguu mmoja ukiingia shimoni na sauti ikatoka, ilhali miguu yote miwili ikipanda tuta kwa pamoja sauti haitoki, mshukiwa wa kwanza ni stabilaiza na linki zake, kwa maana chuma cha stabilaiza hufanya kazi pale upande mmoja unapotofautiana na mwingine. Gari likiyumba na kudundadunda baada ya tuta, au mafuta yakichuruzika kwenye mguu, tazama shokapu. Sauti ikija wakati wa kushika breki, kuondoka, au kurudi nyuma, nenda kwenye bushi za wishboni, kwa sababu hapo ndipo gurudumu linapovutwa mbele na kusukumwa nyuma.

Mzee hakuamini masikio peke yake. Alikagua upepo wa tairi na nati za magurudumu, maana hata nati iliyolegea hugonga. Akamwambia dereva akae ndani, asogeze gari kidogo mbele na kukanyaga breki, kisha nyuma na kukanyaga breki, yeye akiwa amesimama pembeni, wala si mbele ya gari, akitazama gurudumu. Lilihama ndani ya nafasi yake. Gari likainuliwa, likaegemezwa kwenye stendi za chuma. Mzee hakukubali mawe wala jeki peke yake, maana jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Akalishika gurudumu juu na chini akalitikisa: boljointi nzima. Akalishika kulia na kushoto: tairodi endi nzima. Mwisho akaingiza mtaimbo kati ya wishboni na fremu, akasukuma taratibu.

"Njooni mwone," akasema. "Bushi nzima ikisukumwa hukubali kidogo, kisha hurudi. Nyufa ndogo za juu juu peke yake hazinitishi. Hii hapa mpira umeachana na chuma."

"Si ndiyo nasema ni feki?" tajiri akadakia.

Mzee akaitoa wishboni, akaiweka mezani. "Tazama mchaniko, bosi. Kulia na kushoto, zote zimechanika kwa kuvutwa upande mmoja. Huyu mpira hakuchakaa kwa kazi. Alifungwa akiwa amelala vibaya." Akamgeukia dereva. "Mwanangu, zilipokazwa hizi, magurudumu yalikuwa wapi?"

"Hewani, baba."

Na hapo kila kitu kikaeleweka. Gurudumu likining'inia, wishboni hutazama chini. Ukiikaza bolti hapo, unaibana bushi iamini kwamba huko chini ndiko nyumbani kwake. Gari likishushwa, uzito huupandisha mkono, na mpira husokoteka na kubaki umesokoteka hata gari likiwa limeegeshwa usiku kucha. Likija shimo, mkono hupanda zaidi, na mpira uliokuwa tayari umekaza huongezewa usichoweza kubeba. Bushi bora kuliko zote duniani ikifungwa hivyo hufa mapema. Duka halikuwa na hatia.

Kazi iliyofuata mzee aliifanya huku akimfundisha kijana wake wa gereji, nami naiandika kwa mpangilio huo ili na wengine wafaidike. Kwanza, bushi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja. Ukiweka mpya upande mmoja, gari litakuwa na mguu mgumu na mguu laini, nalo litavuta. Pili, kabla ya kutoa bushi kuukuu, weka alama ya jinsi ilivyokaa na kina ilichoingia. Bushi kubwa ya nyuma mara nyingi ina matundu kwenye mpira yaliyoelekezwa upande maalumu, ili iwe laini upande mmoja na ngumu upande mwingine. Ikigeuzwa, gari hubadilika tabia. Tatu, itoe na kuiingiza kwa mashine ya presi, ukisukuma bomba la nje tu. Nyundo hupinda mkono wa wishboni, moto hutoa moshi wenye sumu na kuharibu chuma, na kusukuma katikati ya bushi mpya ni kuichana kabla haijafika barabarani. Ikigoma kuingia, ipake maji ya sabuni. Usiipake oili wala grisi ya kawaida.

Nne, rudisha mkono mahali pake na ufunge bolti za bushi kwa kuzishikiza tu. Nati za kujifunga zenyewe na pini za boljointi ziwe mpya. Tano, na hii ndiyo hatua iliyorukwa: shusha gari lisimame kwa uzito wake, juu ya shimo la gereji au juu ya ngazi za kupandishia magari, au inua mguu kwa jeki kutoka chini hadi ufike kimo chake cha kawaida. Litikise litulie. Hapo ndipo bolti hukazwa mara ya mwisho, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari hilo. Sita, peleka gari kwenye alaimenti, hata kama halivuti. Bushi mpya zimeurudisha mkono mahali tofauti na pale ulipozoea kukaa ukiwa mbovu, na bila alaimenti tairi itaanza kuliwa kimya kimya, upande wa ndani, kama ile ya Dutwa.

Nililolijifunza humu ni kwamba kosa la kwanza na kosa la pili lilikuwa moja. Aliyesukumia vipande vya tairi na aliyekaza bolti hewani wote walitaka gari linyamaze siku hiyo, waondoke. Ukimya si uzima. Fundi anayejua bushi inafanyaje kazi hahitaji kukariri masharti sita, kwa maana yote yanatoka kwenye jambo moja: mpira ule ni wa kujisokota na kurudi. Akilijua hilo, mwenyewe ataona kwa nini oili ni sumu, kwa nini mwelekeo una maana, na kwa nini magurudumu lazima yawe chini. Asiyelijua atafuata haraka yake, na haraka yake italipwa na abiria.

Kwa hiyo, dereva: sauti mpya ni habari, ipeleke kwa tajiri siku ile ile, na kila wiki kata usukani uone upande wa ndani wa tairi. Fundi: uliza, tazama, tikisa, ndipo utamke, na usikabidhi ufunguo kabla bolti hazijakazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake. Nawe tajiri, unayepokea hesabu kila jioni: mruhusu dereva wako alaze gari siku moja bila kuogopa uso wako. Kijana wa Kasoli alijua bushi imechanika wiki kadhaa kabla ya ajali. Kilichomfunga mdomo ni hofu ya kukosa hesabu ya siku moja, na hofu hiyo wewe peke yako ndiye unayeweza kuiondoa.